Gitaa la umeme ulilojitengenezea likisumbua: kutoka dalili hadi chanzo

Shingo ya gitaa jipya haijawahi kubeba mzigo. Siku unapofunga nyuzi, inavutwa ghafla na nyuzi sita ambazo kwa pamoja zina mvuto wa kilo 45 hivi, na kila kiungo kinaanza kujipanga upya. Kwa hiyo usikimbilie kulaumu kazi yako saa hiyo hiyo. Weka nyuzi mpya, tuni gitaa sawasawa, liache usiku mmoja, lituni tena, halafu ndipo uanze kupima.

Jambo la pili ndilo linaloharibu magitaa mengi mazuri. Mahali unaposikia kasoro mara nyingi sipo ilipoanzia. Mkwaruzo kwenye freti ya pili (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole) unaweza kuwa umetoka kwenye nondo, kile chuma cha kurekebisha mwinamo, iliyokazwa mno ndani ya shingo, na anayeamini sikio lake peke yake atachukua tupa na kukwangua freti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Chuma kilichokwisha kutolewa hakirudi. Kagua kwa mpangilio: shingo kwanza, kisha freti, kisha nati (kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita karibu na kichwa), kisha daraja (chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi, yaani mwili wa gitaa), na umeme mwisho. Kipimo cha kila sehemu kinategemea ile iliyotangulia. Ukiinua daraja kabla ya kunyoosha shingo, utarudia kazi yote. Badilisha kitu kimoja, tuni tena, pima, andika.

Nyuzi zinakwaruza

Usiulize kwanza kwa nini. Uliza wapi. Piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila amplifaya, na uandike panapokwaruza.

Kama ni uzi mtupu (usiobonyezwa) tu unaokwaruza, na ukibonyeza freti ya kwanza unatulia, mfereji wa nati umechimbwa chini mno. Kama mkwaruzo uko freti ya kwanza hadi ya tano na huko juu ni safi, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kuelekea nyuma. Kama huku chini ni shwari na shida inaanza freti ya 12 kwenda juu, huenda shingo ina mwinamo mkubwa mno, au ubao wa vidole umevimba pale shingo inapoungana na bodi, au sadeli (vile vipande vya darajani vinavyobeba kila uzi) zimeshushwa kuliko inavyofaa. Na kama ni freti moja tu, kwenye uzi mmoja au miwili, tatizo ni freti yenyewe au ile inayoifuata. Hii inayofuata husahaulika sana. Ukibonyeza ya saba na uzi ukagonga ya nane, ya nane ndiyo iliyoinuka.

Mwinamo wa shingo unapimwa hivi. Bonyeza uzi mnene freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Inayofaa magitaa mengi ni milimita 0.2 hadi 0.3. Huna kifaa cha kupimia? Kata kipande cha uzi mwembamba wa inchi 0.010. Unene wake ni milimita 0.25, na ukipita hapo kwa kugusa kidogo tu, umefika. Nafasi ikiwa kubwa, kaza nondo. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, ilegeze. Usizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, tuni tena kila mara, na mpe mti muda wa kuitikia. Nondo ikigoma kabisa, simama. Legeza nyuzi, saidia shingo kwa mkono ielekee unakotaka iende, ndipo ujaribu tena. Nondo iliyokatika ndani ya shingo iliyokwisha gundishwa ni msiba wa siku nyingi.

Shingo ikishakaa sawa, tafuta freti iliyoinuka kwa rula fupi ya chuma inayogusa freti tatu tu kwa wakati mmoja. Ikitikisika juu ya ile ya katikati, umeipata. Sasa kabla ya tupa, chukua kijiti cha mti mgumu, ikandamize freti hiyo huku ukigonga uzi. Mkwaruzo ukipotea ulipokandamiza, freti haijakaa kwenye mfereji wake, na kuipiga tupa ni kuidhulumu. Sababu za kawaida ni mfereji uliojaa vumbi au gundi kavu, mfereji mfupi wa kina kuliko mguu wa freti, au waya wa freti ambao haukukunjwa vya kutosha kabla ya kupigwa ndani. Waya unatakiwa uwe umepinda zaidi kidogo kuliko mviringo wa ubao, ili ncha zake zishike kwanza na katikati ifuate.

Tiba yake inapendeza kuitazama. Weka tone la gundi ya haraka, ile nyepesi kama maji, kwenye ncha ya freti iliyoinuka. Utaliona likinyonywa lenyewe, likikimbia chini ya freti kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mstari mwembamba mweusi uliokuwa kati ya chuma na mti unafumbika. Hapo kandamiza kwa kipande cha mti kilichochongwa kufuata mviringo wa ubao, ushikilie hadi gundi ikauke. Funika ubao kwa mkanda wa karatasi kabla, hasa kama ni mepo (mti wa maple) iliyopigwa laka.

Kusawazisha freti zote kwa pamoja kunabaki kuwa hatua ya mwisho. Nyoosha shingo bila nyuzi, paka wino juu ya kila freti, pitisha ubapa wenye msasa namba 320 au 400 mpaka wino utoweke kila mahali, kisha rudisha umbo la duara kwa tupa ya freti na ung'arishe. Freti iliyoachwa bapa juu itakuletea tuni mbovu baadaye, na utaanza kuilaumu daraja.

Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za chini zinalia vibaya, huko juu ni sawa

Hii karibu kila mara ni nati iliyo juu mno. Uzi ukikaa juu sana, kuubonyeza freti ya kwanza kunauvuta, na sauti inapanda. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa ibaki nafasi ndogo kama unene wa karatasi, uzi ukigongwa kwa kidole utoe mlio mdogo wa kugusa chuma. Pakiwa na nafasi kubwa, chimba mfereji kidogo kidogo kwa tupa ya upana wa uzi huo. Pakiwa hapana nafasi kabisa, umepita; badili nati, au jaza mfereji kwa unga wa mfupa na gundi ya haraka halafu uchimbe upya.

Mfereji lazima uteremke kuelekea kichwani, ili uzi uachie kwenye ukingo wa mbele kabisa, upande wa freti. Ukiachia katikati ya nati, uzi mtupu unalia kama sitar, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, na tuni ya gitaa zima inakuwa ya kubahatisha. Na ukisikia "tink" unapozungusha funguo, kisha sauti inaruka badala ya kupanda taratibu, mfereji unaubana uzi. Upanue kidogo, paka risasi ya penseli.

Freti ya 12 haikubaliani na uzi mtupu

Linganisha hamoniki ya freti ya 12 (mlio unaotoka ukiugusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapo hapo. Noti ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha sadeli nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, ilete mbele. Hilo wengi wanalijua. Kinachowasumbua watengenezaji ni pale skrubu ya sadeli inapofika mwisho na kasoro bado ipo, kwa sababu hapo daraja yenyewe ilitobolewa mahali pasipofaa.

Rudi kwenye hesabu. Freti ya 12 iko katikati kamili ya urefu wa uzi wa kinadharia. Kwa urefu wa milimita 648, unaotumika kwenye magitaa mengi ya Fender, kutoka nati hadi freti ya 12 lazima iwe 324. Pima hapo kwanza. Kama si 324, ubao wa vidole ulikatwa vibaya au nati imewekwa mbele au nyuma ya mahali pake. Kama ni sawa, pima kutoka freti ya 12 hadi sadeli. Uzi mwembamba wa E unakaa milimita moja au mbili zaidi ya 324, na ule mnene milimita kadhaa zaidi ya huo, kwa kuwa uzi mnene hupanda sauti zaidi ukibonyezwa. Ndiyo maana sadeli ya uzi mwembamba inatakiwa iwe karibu na mwisho wa mbele wa safari yake wakati unaweka alama za kutoboa, ili nafasi yote ya kurudi nyuma ibaki. Daraja iliyokosewa inahamishwa kwa kuziba matundu kwa vijiti vya mti mgumu na gundi, kisha kutoboa upya. Usijaribu kutoboa milimita mbili kando ya tundu lililo wazi, keekee itateleza na kurudi mle mle.

Kabla ya kutoboa lolote, shusha pikapu (sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi). Sumaku zilizo karibu mno na nyuzi, hasa za koili moja, huvuta uzi mnene na kuufanya ulie sauti mbili zinazopigana, na hakuna sadeli itakayotibu hilo.

Shingo na bodi hazielewani

Sadeli zimeshuka hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu? Shingo imeinamia mbele. Kwenye shingo ya kufungwa kwa skrubu, weka kipande chembamba cha mti ndani ya mfuko wa shingo, upande ulio karibu na pikapu. Nusu milimita hapo inashusha nyuzi kwa zaidi ya milimita moja darajani, kwa hiyo anza na kidogo. Kinyume chake, sadeli zikiwa juu kabisa na nyuzi bado zinalala juu ya freti, mfuko haukuchimbwa kina cha kutosha au una mteremko wa kurudi nyuma. Ongeza kina cha mfuko kidogo kidogo, au uondoe mteremko huo.

Ila tazama kwanza kama shingo imekaa kweli. Rangi iliyorundikana kwenye pembe za mfuko inatosha kuiinua. Kosa jingine la kawaida ni matundu ya skrubu kwenye bodi. Yanatakiwa yawe mapana, skrubu ipite bila kushika, meno yake yaume shingo tu. Yakiuma bodi pia, shingo na bodi zinafungwa pamoja zikiwa na uwazi kati yao, na utakaza mpaka uchoke bila uwazi huo kuziba.

Uzi mwembamba ukiteleza nje ya ukingo wa ubao, legeza skrubu nusu mzunguko, ivute shingo kwa kando mpaka nyuzi mbili za nje zikae sawa na kingo, kaza. Mara nyingi hilo linatosha.

Ncha za freti zinazokuchoma kiganja wiki kadhaa baada ya kumaliza zinaeleza habari ya mti. Ubao umekauka na kusinyaa, chuma kimebaki na urefu wake. Zisawazishe kwa tupa, na safari ijayo pima unyevu wa mti kabla ya kuukata. Asilimia 6 hadi 8 ndiyo wanayolenga watengenezaji wengi. Mti uliokaa miaka mingi kwa kawaida umetulia. Brian May na baba yake Harold walipoanza kutengeneza gitaa lao nyumbani mwaka 1963, shingo waliichonga kutoka kwenye mahogani ya meko ya zamani, na gitaa hilo ndilo alilokwenda nalo kwenye majukwaa ya bendi ya Queen akiwa mpiga gitaa wake.

Rangi na laka

Hapa ndipo moyo unapouma, kwa sababu kasoro inaonekana na kila mtu. Kasoro nyingi za juu zilitengenezwa kabla ya koti la kwanza.

Vijishimo vya duara, kama macho ya samaki, ambavyo laka inavikimbia na kuacha mti wazi katikati, ni silikoni au mafuta. Huenda yalitoka kwenye polishi ya fanicha, dawa ya kulainishia bawaba, hata mkono wako. Usiendelee kupulizia juu yake ukitumaini yatajaa. Acha ikauke, piga msasa, osha kwa spiriti ya kutolea mafuta na kitambaa safi, geuza kitambaa kila mara, kisha pulizia shelaki isiyo na nta kama ukuta kati ya uchafu na laka.

Ukungu mweupe unaotokea dakika chache baada ya kupulizia laka ya nitroselulosi ni maji. Thina inapopaa inapoza uso wa gitaa, na hewa yenye unyevu inaacha umande ndani ya laka. Ngoja siku kavu zaidi, au ongeza thina inayokauka polepole. Koti jepesi la thina hiyo mara nyingi linaufungua ukungu ukatoka wenyewe.

Uso wenye mabonde madogo kama ganda la chungwa unasema laka ilikuwa nzito, au upepo wa bunduki mdogo, au ulisimama mbali hadi matone yakaanza kukauka njiani. Laka iliyotiririka inasema ulikuwa karibu au ulisita mwisho wa mpito. Anza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, uachie ukishapita ukingo. Tiririko likishakauka kabisa, likwangue kwa wembe uliofunikwa mkanda kwenye ncha mbili, usilisugue kwa kidole na msasa; kidole huchimba bonde pembeni yake.

Vitobo vidogo kama vya sindano hutoka kwenye vinyweleo vya mti. Mahogani na ashi zina vinyweleo wazi na lazima vijazwe. Alda na mepo hazihitaji. Aliyeruka hatua hii ataona vitobo siku ya kwanza. Aliyejaza lakini hakungoja kijazio kikauke ataona jambo baya zaidi: uso uliokuwa kioo, baada ya mwezi, umezama na mistari ya mti imerudi. Thina bado ilikuwa inatoka. Laka ya nitroselulosi mimi huipa wiki tatu au nne kabla ya kuing'arisha, na kipimo changu ni pua. Ikinuka thina ukiikaribia, haijawa tayari.

Duara zenye kingo zinazofanana na ramani, zinazojitokeza unapong'arisha, zinatokea kwenye poliurethani na rangi za sehemu mbili. Nitroselulosi huyeyusha koti lililotangulia na kuwa kitu kimoja, lakini hizi hukaa tabaka juu ya tabaka. Ukitoboa tabaka la juu, ukingo wake unaonekana, na dawa pekee ni koti jipya zima. Kwenye kingo za bodi msasa hula mara mbili zaidi, basi ziache mpaka mwisho kabisa na uzipitie kwa mkono mwepesi.

Mabaka mepesi yanayokataa rangi ya mti ni gundi iliyomwagika ulipobana viungo. Pangusa mti kwa spiriti kabla ya kupaka rangi, na mabaka pamoja na mikwaruzo ya msasa yataonekana wakati bado unaweza kuyatoa.

Mafuta yasiyokauka? Koti lilikuwa nene na halikupanguswa, au mti ni wa jamii ya roziwudi, ambao mafuta yake ya asili huzuia vanishi kukauka. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji. Vikikunjwa na kurundikwa vinajipasha moto hadi kuwaka vyenyewe. Na rangi nyingi za sehemu mbili zina isosayanati, kemikali zinazoumiza mapafu. Kitambaa puani hakikusaidii kitu, ni barakoa yenye hewa ya kuletwa kutoka nje au usizitumie.

Kimya, mvumo na sauti nyembamba

Gitaa likiwa kimya kabisa, chomeka kebo, fungua sauti yote, pima omu kati ya ncha na mwili wa kebo upande wa pili. Pikapu nyingi za koili moja zitasoma kilo-omu 6 hadi 8, na za koili mbili 7 na kuendelea. Ukisoma sifuri, kitu kimegusa ardhi, na mshukiwa wangu wa kwanza ni ulimi wa jeki (tundu la kuchomekea kebo) uliogusa karatasi ya shaba uliyobandika ndani ya tundu. Ukisoma hakuna mwisho, waya umekatika au kiungo cha risasi ni baridi, kile kinachoonekana cha kijivu na chembechembe badala ya kung'aa.

Mvumo unaotulia ukigusa nyuzi maana yake waya wa ardhi wa daraja unafanya kazi na kinachokosekana ni kinga ya shaba. Mvumo unaoongezeka ukigusa nyuzi maana yake waya mbili za jeki zimebadilishana. Kugusa kusipobadilisha chochote, waya wa daraja haugusi chuma, pengine kwa sababu ya rangi ndani ya tundu lake. Lakini ukihisi nyuzi zinakupiga shoti, achia, zima, na usipige tena kwa amplifaya hiyo mpaka fundi wa umeme ameikagua pamoja na soketi. Hilo halisubiri.

Pikapu mbili zinazolia vizuri kila moja peke yake, zikaunganishwa zikawa nyembamba kama zinaongea puani, zinapingana. Badilisha waya mbili za mojawapo. Kama kifuniko chake cha chuma kimeungwa kwenye waya wa ardhi, kitenganishe kwanza, la sivyo utakaribisha mvumo. Sauti butu isiyo na makali kwenye pikapu za koili mbili mara nyingi ni poti (vidhibiti vya kuzungusha vya sauti na toni) za kilo-omu 250 mahali pa 500.

Mwisho ni mluzi mkali unaoanza ukiongeza sauti, na unaosikia hata ukigonga kifuniko cha pikapu kwa kucha. Koili imelegea na inatetemeka kama maikrofoni. Yeyusha nta ya parafini na ya nyuki, sehemu nne kwa moja, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na usipitishe nyuzijoto 65 maana plastiki ya koili itapinda. Zamisha pikapu. Mapovu yatapanda kwa wingi, kisha moja moja, na yakikoma kabisa itoe, ifute, iache ipoe kabla ya kuirudisha kwenye gitaa.